Ukuta Ulioishia Darini

Ofisini waliomwita kwa jina lake halisi walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa mlipa mishahara, ambaye hakuwa na hiari. Wengine wote walimwita Bi Jumla. Jina lilimpata siku ya harusi ya mfanyakazi mwenzake, alipoulizwa ukumbi ameuonaje. Alitazama nguzo, akatazama vigae, akainua macho kwenye taa, kisha akataja gharama ya kuujenga kwa jumla yake, usafiri wa mchanga ukiwemo. Watu walicheka. Mwenye ukumbi, aliyekuwa amesimama karibu, hakucheka, maana kile kiasi alikuwa amewaficha watu wa kodi.

Kazi yake ilikuwa kukadiria gharama za majenzi. Watu wengi hudhani nyumba hujengwa kwa matofali. Bi Jumla alijua kwamba kabla ya tofali la kwanza kulazwa, kuna mtu mahali fulani, kwenye kiti kinachoyumba, amekwisha kulihesabu, kulibeba, kulilaza na kulipiga plasta kichwani mwake, bila kuchafua viatu. Kiti chake kilikuwa kinayumba kweli. Aliwahi kukadiria gharama ya kukitengeneza, akaona ni nafuu kuyumba.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi, na ilikuwa na desturi zake, zilizowekwa na Bosi siku alipoifungua na ambazo tangu hapo alikuwa akizilinda dhidi ya maarifa mapya. Ukuta wa ndani ulipimwa kutoka sakafuni hadi darini, basi. Kilicho juu ya dari hakionekani, na kisichoonekana, Bosi alisema, hakina mteja. Na kama mchoro ulionyesha kwamba ukuta fulani ni wa kuhimili moto, uwe wa saa moja au wa saa mbili, ulichagua tofali nene kuliko yote kwenye bei za sokoni, ukasonga mbele.

"Moto unaogopa unene," alisema Bosi, ambaye mwenyewe alikuwa mnene, na hakuwahi kuungua.

Bi Jumla alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Kwake yeye, saa mbili za moto zilikuwa kama nyota za hoteli: zikiongezeka unajua bei imepanda, na huulizi nani alizihesabu.

Mambo yangeendelea hivyo hadi kustaafu kwake kama shemeji yake asingeshinda zabuni.

Shemeji alikuwa mume wa dada yake mkubwa, mkandarasi mwenye lori moja, yadi moja na sauti ya watu watatu. Wao wawili waliitana shemeji, kwa hiyo nyumbani kwa dada mtu akiita "Shemeji!" waligeuka wote wawili, na aliyeita alikuwa mmoja wao. Miaka yote Mkandarasi alikuwa akijenga vyoo vya shule, uzio na mabanda ya kuegesha magari. Safari hii aliomba kazi ya hosteli ya wanafunzi wa uuguzi, ghorofa moja juu ya nyingine, jiko kubwa ghorofani, mwisho wa jengo, na vyumba vya kulala vikifuatana pembeni ya ukumbi mrefu. Makadirio aliyafanya Bi Jumla. Bei yao ndiyo ikachaguliwa, nao wakaalikwa kusaini mkataba siku ya Alhamisi.

Ulikuwa mkataba wa bei moja. Ukishasaini, bei ni hiyohiyo hata ukilia, na jengo ni lilelile lililochorwa.

"Hii ndiyo kazi itakayomtoa kwenye vyoo," dada alisema Jumamosi, walipokusanyika kwake kushangilia. "Miaka kumi na minane ya ndoa, kila nikiulizwa mume wangu amejenga nini mjini, nawaonyesha watu kwa kidole na wao wanaona aibu kuingia."

"Vyoo vyangu havijawahi kuziba," alisema Mkandarasi.

"Ndiyo utakachoandikiwa kaburini?"

Akamgeukia mdogo wake, akamshika mkono. "Wewe ndiye umemtoa, mdogo wangu. Bei yako hiyo."

Bi Jumla alitabasamu. Mtu akisifiwa kwa hesabu zake hapaswi kuzirudia kichwani palepale, na yeye hakuzirudia. Hilo lilikuwa la kesho yake.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na mchana alikuwa nyumbani akipiga pasi. Aliishi kwenye nyumba ya kupanga, vyumba viwili, na aliichagua kwa sababu ya ukuta. Siku aliyokuja kuitazama aliugonga ukuta wa kati kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti, akasikia sauti nzito, akalipa kodi. Ukuta ulikuwa mnene hasa. Jambo ambalo hakuwahi kulielewa ni kwa nini, pamoja na unene wote huo, alijua kila kitu kuhusu maisha ya jirani yake Kinyozi. Alijua timu yake. Alijua mama yake anataka aoe. Alijua ana mchumba aliyeambiwa kwamba mwanamume huyu anajua kupika, na mwanamke mwingine ambaye hakuambiwa kitu. Lawama zote Bi Jumla alizipa madirisha.

Mchana ule Kinyozi alikuwa kwenye simu, akibishana kuhusu penalti. Bi Jumla akasikia harufu ya kuungua. Kwanza alishuku pasi. Akaiinua, akaitazama tumbo, akanusa shati, akachomoa waya ukutani. Harufu ikazidi. Ndipo alipoinua macho akaona moshi mwembamba unatoka pembeni ya taa, kutoka darini, unashuka.

Moshi, kwa kadiri alivyofundishwa, hupanda. Huu ulikuwa umekwisha kupanda mahali pengine na sasa unarudi.

Akaweka kigoda juu ya meza, akapanda, akasukuma kibao cha dari kinachofunguka, akaingiza kichwa. Hapo akaona nyumba yake kwa mara ya kwanza. Ule ukuta wake mnene, uliomgharimu kodi ya ziada, ulikwea hadi darini, ukapita kiganja kimoja, ukakoma. Safu ya mwisho ya matofali haikuwa hata na udongo vizuri, na juu yake fundi alikuwa ameacha chupa ya soda. Kutoka hapo hadi kwenye mabati palikuwa wazi. Upande wa pili mwanga wa chumba cha Kinyozi ulipenya kwenye nyufa za dari lake, na moshi wake ulikuwa ukivuka ukuta taratibu, bila kupiga hodi, kama mgeni anayeijua njia.

"Jirani!" akaita.

Sauti ya kwenye simu ikakatika. "Nani?"

"Mimi, wa upande wa pili."

"Uko wapi?"

"Darini."

"Unatafuta nini darini kwangu?"

"Kwangu. Zima jiko!"

"Jiko gani?" Kisha kishindo cha miguu, kishindo cha sufuria, maji yakilia kwenye kitu cha moto, na mtu mzima akimwita mama yake. Baada ya hapo kikohozi kirefu. "Limezimika! Ahsante sana, dada yangu. Ila nakuomba, isifike kwa mchumba wangu. Nilimwambia najua kupika."

"Najua. Nilikusikia."

Kikohozi kikakatika.

"Ulinisikia mimi?"

"Kila neno."

Sauti ya Kinyozi ikashuka. "Na yule... wa siku za katikati ya wiki?"

"Na yeye pia."

Kinyozi akaanza kujieleza. Lakini Bi Jumla hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amebaki palepale, kichwa darini na miguu kwenye kigoda, akitazama ile chupa ya soda. Kuta za moto za hosteli alizipima hadi darini. Kuta zote, ule unaotenga jiko na vyumba vya kulala ukiwa wa kwanza. Alizinenepesha vizuri sana, halafu akazikata shingo.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza ofisini. Akafungua mchoro wa hosteli, akaenda kwenye ile sehemu ambapo jengo linaonyeshwa limepasuliwa katikati kama mkate. Mistari ya kuta za moto haikukoma darini. Ilipita dari, ikaenda kugusa zege la sakafu ya juu. Na ghorofani ilipanda hadi chini ya mabati. Ilikuwa imechorwa wazi kabisa. Msanifu aliyeuchora hakuficha kitu. Desturi ya ofisi ndiyo iliyokuwa imesoma mchoro kwa niaba yake.

Alimngoja Bosi amalize chai.

"Bosi, zile kuta za moto tulizipima hadi wapi?"

"Hadi darini. Kama siku zote."

"Mchoro unaonyesha zinapita dari."

"Mchoro unaonyesha mambo mengi. Unaonyesha na miti, na watu wanatembea na mbwa. Mbwa umemwekea bei?"

"Bosi, moto utapita juu ya dari."

"Mimi nimepima hivi tangu hujamaliza shule. Sijaona jengo letu limeungua likaja hapa kulalamika."

"Jengo lililoungua haliji ofisini, Bosi."

Bosi akaweka kikombe chini, polepole, kama mtu anayepunguza mzigo. "Sikiliza, mama. Bei imepita. Shemeji yako asaini kwa furaha, ajenge tulichopima, apigilie dari. Dari kazi yake ni kufunika. Nani atapanda kutazama?"

"Mimi nilipanda jana."

Bosi alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba mwenzake ameanza kuongea na kuku. Kisha akafumba macho, akaendelea na shughuli ambayo ofisini iliitwa kutafakari.

Jumanne akaomba ruhusa, akaenda kituo cha zimamoto kumwona afisa wa usalama wa majengo, ambaye mkandarasi yeyote mjini alimwita Bwana Moto, kwa sauti ya chini. Kila jengo kubwa lilipita mikononi mwake kabla ya kufunguliwa. Ofisi yake ilikuwa na mlango wa chuma mzito, wa kujifunga wenyewe, wenye kibandiko cha onyo kwamba usiachwe wazi. Ulikuwa wazi, umezuiwa kwa mtungi wa kuzimia moto.

"Hewa," alisema Bwana Moto, alipoona mgeni anautazama. "Dirisha halifunguki. Kaa."

Alikuwa mtu mkavu, mwenye nyusi chache, na Bi Jumla hakuthubutu kuuliza nyingine ziliishia wapi.

"Nataka kuelewa," akasema, "hizi saa mbili za ukuta ni saa za nini."

"Za watu kutoka. Na sisi kufika. Hasa sisi kufika."

"Na nani anazihesabu?"

"Tanuri." Bwana Moto akavuta kiti karibu. Ilionekana wazi kwamba watu humjia kuomba muhuri, na mtu wa kumuuliza swali alikuwa hajamwona muda mrefu. "Unajengwa ukuta mzima, unawekwa mbele ya tanuri, tanuri linawashwa, tunatazama saa. Ukuta ukianguka, saa zake zimekwisha. Ukipasuka, moto ukachungulia upande wa pili, zimekwisha. Usianguke wala usipasuke, lakini upande wa pili upate joto la kuwasha godoro lililouegemea, nazo zimekwisha. Umenielewa? Anayepewa saa ni ukuta, mama, tofali peke yake halipewi. Tofali, udongo wake, plasta yake, mlango wake, tundu la bomba linalopita, na pale juu unapoishia."

"Na ukiishia darini?"

"Basi umejenga pazia la saruji. Moto unapanda, unakuta dari la mbao nyembamba, unalitoboa, unatembea kule juu kwa raha zake, unashukia vyumbani. Ukuta wako utakuta umesimama imara kabisa. Nimepiga picha za kuta nyingi namna hiyo. Zinapendeza."

"Na mlango?"

"Ukiweka mlango mwepesi, moto utapita mlangoni kama watu wengine. Hauna makuu."

Kila alichokisema kilikuwa na bei, na kila bei ilijiandika yenyewe kichwani mwa Bi Jumla chini ya ile iliyotangulia. Milango mizito mitatu, na vyuma vya kuifanya ijifunge yenyewe. Matundu ya mabomba yazibwe kwa dawa yake maalumu badala ya karatasi za mifuko ya saruji kama mafundi walivyozoea. Plasta iendelee hadi juu, kule kusikoonekana. Alikuwa amekwisha kuliuza lori la shemeji yake na kuanza kuuza yadi.

"Tofali umeweka la unene gani?" akauliza Bwana Moto.

"Inchi tisa."

"Kwa nini tisa?"

"Moto..." Aliona haya, lakini alikuwa amefika mbali mno kurudi. "Moto unaogopa unene."

"Nani alisema?"

"Bosi wangu."

"Ni mnene?"

"Sana."

Bwana Moto akaitikia kwa kichwa, kama daktari aliyepata dalili ya mwisho aliyokuwa akiitafuta. Akafungua kitabu cha mwongozo kwenye jedwali lililochakaa kwa vidole. "Tofali la zege lisilo na matundu, la inchi sita, plasta pande zote mbili, lenye cheti cha majaribio. Saa mbili hizo hapo, na akiba juu. Tisa ni za ngome. Mnajenga ngome?"

"Hosteli ya wanafunzi."

"Ukuta wenu mmeunenepesha bure, halafu mkaunyima urefu," akasema Bwana Moto. "Msanifu akikubali sita, mimi sina neno. Ila nitapanda darini. Mimi hupanda."

Bi Jumla alitoka pale hajui alie au acheke. Upande mmoja kulikuwa na fedha alizomwaga kwenye unene usiohitajika. Upande wa pili kulikuwa na urefu, milango na matundu. Kipi kinakizidi kingine, hakujua, na kulijua kulihitaji meza na utulivu. Angeweza kurudi ofisini, apige hesabu kwanza, aende kwa shemeji yake na jawabu mkononi. Lakini alijifahamu. Jawabu likiwa baya angelipiga hesabu mara ya pili, na ya tatu, hadi Alhamisi ipite. Akaenda yadi.

Mkandarasi alikuwa amesimama kati ya mifuko ya saruji, akimfokea dereva ambaye alikuwa ameondoka zamani.

"Shemeji," akasema Bi Jumla.

"Shemeji! Karibu! Alhamisi nimeamua kuvaa suti. Dada yako anasema inanibana, lakini nitakuwa nimekaa."

"Shemeji, nimekosea."

"Umekosea njia? Mlango wa mbele uko kule."

"Kwenye bei."

Mkandarasi akakaa juu ya mfuko wa saruji, kitu ambacho aliwatukania mafundi kila siku wakikifanya. Bi Jumla akamweleza yote, tangu sufuria ya Kinyozi hadi nyusi za Bwana Moto. Alipomaliza, yule mtu wa sauti tatu alibaki na moja, nayo ndogo.

"Kiasi gani?"

"Sijui bado."

"Wewe? Wewe hujui kiasi?" Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. "Harusini ulikadiria ukumbi huku unakula!"

"Nimeona bora ujue kabla sijajua mimi."

Mkandarasi akavua kofia, akaitazama ndani. "Nikijitoa sasa, kazi nyingine kama hii sitaitwa tena. Nikisaini, nitakuwa nimesaini kufilisika, au nimesaini ukuta mfupi." Akaigeuza kofia. "Ukuta mfupi nani atajua?"

"Wewe na mimi. Na Bosi."

"Bosi hasemi."

"Bosi analala."

"Na kule watalala wasichana wa watu, jiko liko pale." Akaivaa kofia tena, kwa nguvu kuliko ilivyostahili. "Shemeji, wewe kwa nini ulipanda darini? Mtu mzima, Jumapili! Ungekaa chini ukapiga pasi, leo mimi ningekuwa nanunua viatu."

"Moshi ulikuwa unaingia."

"Ungefungua dirisha!"

Lakini alisimama huku akisema hivyo, akajipangusa saruji makalioni, akachukua funguo za gari. Wakaenda kwa dada, maana ndiko kulikokuwa na meza kubwa.

Dada aliwapokea, akawatazama nyuso, akaondoa bakuli la maua ya plastiki mezani bila kuuliza. Aliuliza baada ya dakika moja, na alipojibiwa alimtazama mdogo wake kwa jicho ambalo Bi Jumla alikuwa hajaliona tangu avunje jagi la mama yao. Kisha akakaa upande wa pili wa meza. "Pigeni," akasema. "Niko hapa."

Wakapiga. Mkandarasi alitaja bei za tofali, Bi Jumla akaziingiza kwenye kikokotoo. Walipunguza inchi tisa hadi sita, na papo hapo vitu vikaanza kurudi nyumbani kimoja kimoja: tofali lenyewe nafuu, udongo wa kujengea pungufu, safari za lori zikapungua, mafundi wakalaza haraka kwa kuwa hawanyanyui tena mawe ya piramidi. Dada akaanza kupumua. Kisha Bi Jumla akarefusha kuta hadi kwenye zege, na kule ghorofani hadi kwenye mabati, akaongeza kichanja cha kusimamia mafundi, akaongeza plasta ya kusikoonekana, na vitu vikaanza tena kuondoka. Walipofika kwenye milango mizito, Mkandarasi alitaja bei huku amefumba macho.

Akabonyeza kitufe cha mwisho. Akatazama. Akafuta, akapiga upya.

"Sema," alisema dada.

"Unene umelipa urefu wote," akasema Bi Jumla, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Umelipa na plasta. Milango miwili nayo imelipwa. Tumepungukiwa mlango mmoja na kuziba matundu."

"Mlango mmoja!" Mkandarasi alisimama. "Nilikuwa nimekwisha kuuza lori kichwani!"

"Mimi nililiuza tangu asubuhi," akasema Bi Jumla.

"Huo mlango mmoja utatoka wapi?" akauliza dada, ambaye furaha hakuipokea bila risiti.

Wakaanza kupekua gharama za kuanzia kazi. Uzio wa muda haukuguswa. Choo cha mafundi nacho hakikuguswa, Mkandarasi akisema kwamba hapo ni heshima yake. Kidole cha dada kikasimama kwenye mstari mmoja. "Hili ni nini? Bango?"

"Bango la kazi," akasema Mkandarasi. "Lazima liwepo. Jina la mradi, jina la mkandarasi."

"Mbona bei yake kama ya chumba?"

Mkandarasi akakohoa. "Lina picha."

"Ya hosteli?"

"Yangu."

Dada akamtazama mumewe muda mrefu. "Uso wako," akasema, "futi ngapi?"

"Kumi na mbili. Lakini na kofia."

"Mdogo wangu, toa uso."

Bi Jumla akatoa uso. Akabakiza bango dogo la maandishi, akapiga hesabu. "Uso ukitoka," akasema, "mlango unaingia, matundu yanazibwa, na chenji inabaki."

Dada ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akiwa ameinamia meza, mabega yakimtikisika, hadi wale wawili wakashindwa kujua kama ni kicheko au ndicho kile kingine. Kilikuwa vyote viwili. Mkandarasi naye akacheka, kwa sauti zake zote tatu, zilizokuwa zimerejea. Bi Jumla hakucheka. Alikuwa ameegemea kiti, kiti kisichoyumba, akihisi hewa inamfika hadi kwenye vidole vya miguu. Alikuwa mtu wa hesabu, na hakujidanganya: hakuwa ameokolewa na akili zake. Makosa yake mawili yalikuwa yametoka pande tofauti, yakakutana njiani, yakasalimiana na kukaribia kumalizana. Ofisi ingekuwa na kosa moja tu, wangekuwa wamekwisha.

Jumatano wakampigia simu msanifu kuuliza kama inchi sita zenye cheti zinakubalika. Msanifu alisema ndizo alizozitaka tangu mwanzo, vyumba vingepata nafasi zaidi, lakini hakuna aliyekuwa amemuuliza. Akaidhinisha kwa maandishi siku hiyohiyo. Alhamisi Mkandarasi akasaini, ndani ya suti, akiwa amekaa.

Ofisini, Bosi alisikiliza habari nzima macho yakiwa yamefumbwa. Alipofumbua alisema kwamba yeye siku zote alikuwa na mashaka na inchi tisa. Tangu hapo kuta za moto zikapimwa hadi zinapogusa, na desturi mpya ikaitwa desturi ya Bosi.

Miezi ikapita, hosteli ikapanda. Siku walipofunga kuta za moto ghorofani, kabla dari halijapigwa, Bi Jumla alikwenda na viatu vya kuchafua. Fundi mwashi alikuwa juu ya kichanja, shingo ameikunja chini ya mabati, akipachika vipande vya mwisho kwa shida na kwa manung'uniko.

"Mama, huku juu plasta ya nini?" akauliza. "Nani atakuja kuona?"

"Kuna afisa mmoja. Hana nyusi."

Fundi akashuka, yeye akapanda. Mkandarasi akaombwa aende upande wa pili, upande wa jiko, apande ngazi na taa kubwa ya betri, amulike pale ukuta unapokutana na bati. Alikwenda akilalamika kwamba mkandarasi mzima anatumwa kushika taa, na malalamiko yake yalisikika ukumbi mzima, yakazunguka, yakaingia jikoni, kisha mlango mzito ukajifunga nyuma yake na yakakatika.

Bi Jumla alingoja. Akasogeza uso karibu na safu ya mwisho. Alikumbuka chupa ya soda na mwanga wa Kinyozi ukipenya kwenye nyufa. Hapa hapakuwa na chupa, wala ufa, wala mwanga. Alitazama kona hadi kona, akapitisha kiganja pale plasta ilipogusa juu, ikiwa bado na ubaridi wa maji.

"Shemeji!" akaita. "Umewasha?"

Hakusikia jibu.

"Shemeji!"

Kimya kabisa. Alikaa pale juu ya kichanja, gizani, kwa raha ambayo hakuwahi kuipata hata kwenye kochi lake, na hakuwa na haraka ya kushuka.

Mkandarasi alirudi baadaye, jasho likimtoka, taa ikiwaka mkononi. "Nimewasha mpaka betri inalia! Nimekuita mpaka nimekauka! Hukunisikia?"

"Sikukusikia hata neno."

"Nilikuwa nakusifu," akasema Mkandarasi. "Nimekusifu kwa kirefu, kwa maneno mazito. Na sirudii."